Sekunde Saba

Baba hakuwahi kulisifu kwa rangi.
Wengine walisimama kando ya barabara ya Mack
wakahesabu krome, mstari chini ya mstari,
wakazistaajabia taa za nyuma
zilizochongoka kama madirisha ya kanisa,
na yule ndege wa chuma puani pa boneti
ambaye Stasiek Wilga aliapa ni batamaji
na baba akaapa ni mnandi.
Walibishana hivyo miaka ishirini na mmoja.
Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Yeye alikuonyesha chini.
Alipiga magoti kwenye lami na suruali ya Jumapili:
"Inama uone. Hili halina springi za watu wote.
Fito mbili ndefu, mbele hadi nyuma,
zajisokota kama shuka mikononi mwa dobi.
Gurudumu la mbele likiruka, la nyuma limeshapata habari."
Alizifunga yeye, zamu ya usiku,
kiwanda cha Conner, mwaka wa hamsini na tano,
hadi kiangazi kilichofuata
lango lilipotiwa mnyororo,
na mnyororo ukatiwa kufuli
jipya kuliko gari lolote mle ndani.

Alichokiunda hakuweza kukinunua.
Tulingoja. Mwaka wa sitini na tatu
mjane wa daktari wa meno kule Grosse Pointe
alituuzia lake kwa bei ya jokofu na nusu:
Packard Patrician, kijani juu, maziwa chini,
viti vya kitambaa chenye uzi wa fedha
ambavyo mama alivifunika plastiki siku ileile,
tukaketi miaka kumi juu ya uzuri bila kuugusa.
Gia zake vitufe sita, kinanda cha mtoto,
kuliani mwa usukani. Baridi ikizidi kimoja kiligoma;
baba alikipulizia pumzi
kama anayemwamsha mgonjwa.
Saa yake ilisema uongo tangu kwa mjane.

Lakini jambo lenyewe ni hili.
Shangazi Ludie alipoingia nyuma na masufuria yake,
na wanawe watatu, na tikiti maji,
gari liliinama. Wanasema
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
hili halikuufahamu usemi huo.
Liliinama, halafu likangoja.
Baba alihesabu kwa sauti, moja, mbili,
kama mhubiri anayeijua aya ijayo,
na kwenye saba, huko chini, mota ndogo ikaguna
na mkia ukapanda, polepole,
hadi taa za mbele zikaacha kumulika matawi
zikarudi barabarani.

"Kwa nini haliinuki papo hapo?"
"Lingeshtuka kwa kila shimo, Nettie.
Lazima lijue kwanza
kwamba mzigo umekuja kukaa."

Tulimpeleka hospitali kwa gari hilo, Februari,
theluji chafu pembeni, kaka yangu Cleotis usukanini,
baba nyuma, amejilaza juu ya plastiki.
Wauguzi wawili walimtoa.
Nilibaki mlangoni nimeshika kofia yake
nikaona mkia wa gari umeruka juu,
mwepesi, karibu na aibu.
Nilihesabu. Sikutaka, nilihesabu.
Kwenye saba likaguna
likashuka hadi kimo chake cha kawaida,
kana kwamba hakuna aliyekuwamo.
Nililichukia hadi mwezi wa Mei.

Stasiek alikuja na fimbo na maua ya dukani.
Hakuingia ndani ya nyumba.
Alikwenda moja kwa moja gereji,
akaweka kiganja juu ya yule ndege, akakiacha hapo.
"Haya, Ozell," akasema. "Mnandi."
Kisha akafungua mlango wa nyuma,
akajitupa kitini na uzito wake wote wa uzee,
plastiki ikalia, gari likainama.

Niliwasha swichi. Betri ilikuwa ya juzi.
Tulinyamaza, kila mtu na hesabu yake.

"Sita," akasema Stasiek.